Vidonge anameza kila siku, makohozi bado yanasoma TB: yaliyonikuta mimi

Mkuu, umesema mdogo wako ana VVU, kamaliza miezi miwili ya dozi ya TB, makohozi bado yana vimelea, na nesi anahisi anatupa vidonge. Kabla hamjamgombeza, sikia yangu.

Nilianza dozi nikiwa na kilo 38. Vile vidonge vyenye dawa nne ndani ya kimoja (rifampisini, isoniazidi, pirazinamidi, ethambutoli) nilipewa viwili kila asubuhi. Mama alisimama mlangoni mpaka nimeze, kisha anauliza mkojo umetoka rangi gani. Ulikuwa wa chungwa kama Fanta, basi anaridhika. Miezi miwili ikaisha, makohozi yakapimwa, vimelea vipo. Nikaitwa mwongo mbele ya foleni nzima. Mama alilia njia nzima.

Aliyeniokoa ni daktari aliyeuliza kitu ambacho sikuwahi kuulizwa: "Choo kikoje?" Nilikuwa naharisha mara nne, tano kwa siku, miezi kadhaa. Nilishazoea, nikadhani mwenye virusi ndivyo anavyoishi. Akanieleza kwamba sehemu kubwa ya kinga ya mwili iko kwenye utumbo, na virusi hupiga hapo mapema sana. Ukuta ukichakaa, haufyonzi vizuri. Chakula kinapita, na dawa nayo inapita. Rangi ya mkojo inaonyesha rifampisini imeingia, haisemi imeingia kiasi gani.

Si kila mwenye VVU yanamkuta haya. Watafiti wa Chennai, India, walichapisha 2004 kwamba rifampisini na isoniazidi zilifyonzwa kidogo kwa wenye VVU. Wa Nairobi, 1997, waliikuta rifampisini iko chini kwa wagonjwa wengi, wenye virusi na wasio navyo. Kwa hiyo msikimbilie kulaumu virusi peke yake.

Mimi mwenyewe nilikuwa na makosa. Kwa kuogopa kichefuchefu nilimezea vidonge juu ya chapati ya mafuta na chai ya maziwa, wakati rifampisini inataka tumbo tupu: saa moja kabla ya kula au masaa mawili baada ya kula. Kiungulia kikinibana, natafuna vidonge vya kutuliza asidi papo hapo. Vile vyenye aluminiamu vinaizuia isoniazidi.

Kosa la tatu halikuwa langu. Nilishafika kilo 41 na bado napewa viwili, wakati kuanzia kilo 40 ni vitatu. Hakuna aliyenipandisha kwenye mizani.

Makohozi yangu yalipimwa usugu wa rifampisini, hapakuwa na usugu. Na huyo mdogo wako apimwe, msiondoke bila hicho kipimo. Kuhara kukatibiwa, dozi ikarekebishwa, na ARV zikaangaliwa upya, kwa sababu rifampisini inalifanya ini liiondoe haraka dolutegravir, ARV niliyokuwa nameza. Nikaongezewa kidonge chake cha miligramu 50 cha jioni, masaa 12 baada ya kile cha asubuhi. Mwezi uliofuata makohozi yakawa safi.

Msimwongezee vidonge wenyewe nyumbani, ini halina mchezo. Mpelekeni kwa daktari, na kama anaharisha, mtajieni kuhara kabla ya kikohozi. Ila leo hii mpime uzito, uje hapa utuambie ana kilo ngapi na anameza vingapi.