Kwa Neema, kuhusu zile kuta za Dinorwig

Mwanangu Neema,

Marahaba. Umeniuliza kama naafiki uende Jumamosi na wenzako kupanda kuta za Dinorwig, hapo Wales, machimbo ya mawe ya kuezekea yaliyofungwa mwaka 1969. Unasema kamba ni nzima na boliti zimekazwa mwambani. Kamba siijui. Jiwe nalijua, ada yako ya shule ilitoka kwenye kokoto za machimbo ya Kunduchi, Dar es Salaam, nilizogonga kwa nyundo.

Mlima umepukutishwa na mvua na jua maelfu ya miaka. Mengi ya kuanguka yameshaanguka. Ukuta wa machimbo umepasuliwa juzi tu, tena kwa baruti, na baruti haikati kama kisu, huacha nyufa ndani kwa ndani. Kwetu, kila baada ya kulipua, wanaume walipanda na mitaimbo kuangusha yaliyolegea. Machimbo yakifungwa, nani tena atapanda? Huko kwenu na baridi nayo ipo. Maji yakiganda ndani ya ufa hutanuka karibu asilimia 9 (unaikumbuka ile chupa uliyoisahau kwenye friza). Barafu ikiyeyuka, jiwe halina tena cha kulishikilia. Na boliti iliyokazwa kwenye jiwe bovu hushuka nalo.

Hili sijawahi kukusimulia. Ulikuwa na miezi minne. Nilikaa chini ya ukuta nipate kivuli, ukaanza kulia, nikasogea kwenye mwembe nikunyonyeshe. Siku hiyo hawakulipua, wala haikunyesha; ilinyesha juzi yake. Jiwe likashuka kimya, tukalisikia lilipotua. Karai langu likawa bapa kama chapati.

Sikukatazi, una miaka 24. Ila ugonge kila jiwe kabla ya kuliamini: zima hulia ngii, bovu hulia bu. Ukilishika, uzito wako uelekee chini. Usilivute kwako kama droo. Kofia ngumu avae na anayeshika kamba, naye asimame pembeni, asikae chini ya anayepanda. Ulizeni mtu aliyepanda hapo wiki hii, wa mwaka jana hawafai. Na kama imenyesha Ijumaa, fueni nguo.

Karai lile bado ninalo, limeegemea banda la kuku. Ukija Desemba nitakuonyesha.

Mama