Barua kwa mwanangu: kisichohesabiwa hakililiwi

Mwanangu mpenzi,

Ama baada ya salamu, sisi huku Malindi hatujambo. Kusi limeanza kutulia, samaki wamepatikana kidogo wiki hii, na kaka yako amerudi kutoka Ngomeni, homa imemwacha. Pesa za dawa zilifika. Usihangaike tena na hilo.

Ujumbe wako nimeusoma, nikauweka, nikausoma tena. Waniuliza: "Mama, nisaini mkataba wa pili huku Kanada, mto Fraser, niendelee kuhesabu samaki wa samoni, au nirudi nyumbani nitafute kazi kwenye mito yetu? Nijibu kwa ufupi." Kwa ufupi siwezi, wanijua. Na nilipokuwa nasoma, swali nililolisikia mimi lilikuwa jingine kidogo: je, kuhesabu samaki ni kazi ya mtu kuipa umri wake? Hilo nina jibu lake, nami nimekuwa nalo tangu babako alipotaka usomee uuguzi, nikamkatalia. Nilimwambia vile vile nilivyozoea kuwaambia nyote jikoni: kisichohesabiwa hakililiwi.

Wewe mwenyewe ndiye uliyenipa ushahidi. Ulinieleza kwamba mwaka 2009 wataalamu wa huko walitarajia samoni zaidi ya milioni 10 wapande Fraser, wale sokai wanaogeuka wekundu, wakarudi kama milioni moja na nusu tu. Serikali ya Kanada ikaunda tume. Jaji Bruce Cohen akakaa kitako kusikiliza mashahidi, na mwaka 2012 ripoti yake ikatoka na mapendekezo 75. Tena kabla hajamaliza kusikiliza, mwaka 2010, mto huohuo ukapandwa na samoni karibu milioni 30. Nilimsomea mjomba wako habari hiyo pale barazani. Akauliza, jaji mzima, kwa ajili ya samaki? Nikamwambia ndiyo, kwa sababu kulikuwa na watu waliojua idadi ya wanaotarajiwa na idadi ya waliokuja. Bila wahesabuji, mwaka 2009 wavuvi wangeambiwa hawakuamka mapema.

Mto wetu Sabaki ulipoteza samaki wake bila hata karani.

Habari ya ule mkutano waijua, lakini ulikuwa bweni na ulisimuliwa nusu. Nataka uisikie yote, maana ndiyo inayoandika barua hii.

Wageni walikuja na gari mbili, wakatandikiwa mikeka na viti chini ya mkwaju, upande wa huku wa daraja. Walisema wanataka kujua mto una samaki gani ili waweke kwenye mpango wao. Wazee wakataja: kambare, mkizi, mwatiko anayeingia na maji ya bahari, kamba mdomoni mwa mto. Alipotajwa mkunga, yule samaki mrefu kama nyoka, wote wakaanza kusema kwa pamoja. Mkunga wa mtoni alivyokuwa akinaswa kwa mshipi usiku, maji yakiwa mekundu ya mvua. Mkunga mnene kupita mkono wa mtu mzima. Babako akasimama, akasema siku hizi mtu aweza kutega tangu mvua ianze mpaka ikatike asimwone. Yule mkubwa wao akamsikiliza vizuri tu, kisha akauliza, "Mzee, kuna rekodi?" Babako akanyamaza. Wazee wote wakanyamaza. Nilikuwa nimekaa nyuma na akina mama karanga wenzangu, sisi wakaanga samaki, na moyo wangu ukaanza kwenda mbio, kwa sababu rekodi zilikuwepo. Zilikuwa kwangu.

Wayakumbuka yale madaftari yangu. Wewe ndiye uliyekuwa ukinipigia mistari. Tarehe, nimenunua kwa nani, samaki gani, wangapi, bei gani, na nani anadaiwa. Nilitoka mbio nyumbani nikarudi na matatu nimeyafunga ndani ya leso. Nikapita mbele ya wanaume wote, nikampa mkononi. Akafungua moja, ukurasa mmoja. Akasoma majina ya watu na deni za shilingi. Akasema, "Mama, haya ni madeni." Watu wakacheka, hata wa kwetu. Akanirudishia akiwa ameyashika kwa ncha za vidole, kwa kuwa yalikuwa na mafuta ya karai, akainama akaandika kwenye fomu yake. Nilikuwa nimesimama karibu, nikasoma alichoandika mbele ya jina la mkunga: hakuna rekodi.

Babako hakusema kitu njia nzima. Kufika nyumbani akasema tu, "Wangetufungulia hata kurasa tatu." Sijawahi kumsikia akiomba kitu kidogo namna ile.

Sasa ngoja nikae upande wa yule bwana, maana nimefikiri sana tangu uanze kunieleza kazi yako. Daftari langu lilihesabu nini? Lilihesabu samaki niliowanunua mimi. Wanaopita mtoni halikuwaona. Wamkumbuka yule mpishi wa Kitaliano aliyekuwa akimtaka mkunga kila Krismasi? Ukifungua Desemba zangu zote mikunga wamejaa. Je, walizidi mtoni mwezi huo, au nilizidi mimi kuwatafuta kwa sababu kuna mnunuzi? Na mvua kubwa za El Niño za 1997 zilipokuja, mto ukapanda, vijana wengi waliokuwa wakitega upande ule wakahamia baharini. Kurasa zinazofuata hazina mkunga. Mkunga ndiye aliyekwisha, au ni wavuaji waliokwisha? Daftari halisemi. Wewe ndiye uliyenifungua macho: hesabu ya kuaminika inafanywa na asiyeuza, mahali palepale, wakati uleule, kwa juhudi ileile, samaki wawepo wasiwepo. Hata siku ya sifuri inaandikwa. Mimi siku ya sifuri sikuandika, nilikwenda kununua nguru.

Kwa hiyo labda hakuwa mjinga. Lakini bado nasema angefungua. Mtu akifungua anaona kwamba miaka ile kabla ya mafuriko walikuwepo hata miezi isiyo ya Krismasi, kwa watu mbalimbali, kwa bei ndogo. Hilo si ushahidi kamili, nakubali. Ni sababu ya kuleta mtu ahesabu. Badala yake mkunga aliandikiwa neno mbele ya jina lake, basi.

Na sasa nasikia kutoka kwako maajabu yake! Kwamba mkunga wetu ni kinyume cha samoni wako. Samoni huzaliwa mtoni kwenye maji baridi, akaenda baharini kukua, kisha akarudi kwa harufu ya mto uliomzaa, akataga, na hao wa Fraser wakafa palepale. Mkunga huzaliwa baharini, mbali, wataalamu wanadhani ni mashariki ya Madagaska, akaja pwani yetu akiwa mwembamba na mwangavu hata utumbo wake waonekana, akapanda Sabaki na Tana, akakaa huko miaka mingi, halafu akateremka kwenda kuzaa mara moja na kufa. Nimekaanga mkunga nusu ya umri wangu bila kujua kwamba niliyemkata alikuwa msafiri wa namna hiyo. Nilipomsimulia mjomba wako alinyamaza muda mrefu. Samoni na mkunga wote wawili wanahitaji kitu kilekile, mto uliofunguka toka juu mpaka chini. Ndiyo maana iliniuma habari ya kule Big Bar, mwamba ulivyoporomoka ukaziba Fraser, na mwaka 2019 ulipogunduliwa samoni wakawa wanabebwa kwa helikopta kuvushwa. Samaki wa kupanda helikopta. Huku Tana limejengwa bwawa juu ya bwawa, Kindaruma, Masinga, Kiambere, na sijawahi kusikia mtu akiuliza mkunga anapita wapi.

Picha ulizotuma nimewaonyesha wanawake wote wa soko. Uzio umekatizwa mtoni, umeachwa mlango mmoja, na wewe umekaa juu yake unahesabu wanaopita. Bi mkubwa wa duka la nazi alisema hata babu zake walijenga uzio, ila wa kwao haukuwa na mlango wa kutokea. Nilipenda zaidi ile picha ya wewe umevaa buti mpaka kifuani, umeshika samoni aliyekufa, unampasua tumbo kuona kama mayai yametoka yote au alikufa kabla ya kutaga. Mkono wako kwenye kisu ni mkono wangu. Halafu kile kijiwe cha ndani ya kichwa mnachokikata na kuhesabu miviringo kama ya mti, mpate umri wake! Ulikuwa ukivitoa kwenye vichwa vya samaki wangu na kuvipanga dirishani. Babako alikuwa akisema mtoto huyu anacheza na uchafu. Nami nikamwambia, mwache.

Haya, turudi kwenye swali lako, kabla hujanikasirikia.

Ukibaki: sokai wako, ulisema, wengi wao hurudi baada ya miaka minne. Wale uliowahesabu msimu wa kwanza, watoto wao bado wako baharini. Ukiondoka sasa, utakuwa umeona mwanzo wa hesabu na hukuona jibu lake. Tena huko mna vyombo, mna chombo cha sauti kinachozamishwa kuwaona gizani, mna rekodi za miongo, na mkisema kitu jaji anakaa. Huku utapewa meza. Sitaki mwanangu awe mtu wa kuandika daftari lisilofunguliwa. Moja kwenye ukoo latosha.

Lakini samoni ana watu wa kumlilia. Wenyeji wa mto ule wanamlilia, wavuvi wanamlilia, mahakama inamlilia. Mkunga wa Sabaki ana mimi na mjomba wako. Na mto wenyewe wauona hali yake kila kaskazi, maji mekundu yanashuka mpaka ufuoni kwetu, udongo wa mashamba ya bara tangu Nairobi na Ukambani. Uliniambia tope likifunika changarawe, mayai ya samoni hukosa pumzi. Tope letu linafunika nini? Ni nani aliyetazama? Na kama mkunga hukaa mtoni miaka zaidi ya kumi, basi atakayetaka kumjua inampasa aanze angali kijana, asije akaanza na magoti mabovu. Hapo naona nakuita, nami sikutaka kukuita.

Nakataa tena. Aliyejifunza nusu akirudi, ataulizwa swali lilelile, "kuna rekodi?", na nusu haitoshi kumjibu mtu mwenye fomu. Kisichohesabiwa hakililiwi, na kilichohesabiwa vibaya huchekwa. Hilo nimeliona kwa macho yangu.

Jibu ninalo, mwanangu. Kusema kweli ninalo tangu siku ya kwanza nilipousoma ujumbe wako, na mara mbili nimeliandika kwenye karatasi hii nikalifuta. Nilimwahidi babako, wajua ni lini, kwamba watoto wetu sitawachagulia tena, baada ya yale ya dada yako na shamba la Mambrui. Ahadi ile inanielemea leo kuliko siku yoyote. Saini au usisaini, uamuzi ni wako. Ukinipigia simu usinichokoe nilitaje, maana sauti yangu haijui kuficha.

Ninaloweza kusema ni hili la madaftari. Yote yapo, hata yale matatu ya mkutano, isipokuwa moja lililolowa. Mtoto wa jirani ana simu nzuri, amesema atayapiga picha ukurasa kwa ukurasa nikimlipa muda wake. Niambie unataka zipangwe kwa mwaka au kwa samaki, na kama majina ya wadaiwa yafunikwe. Wengine wako hai na wamekwisha kulipa, sitaki waaibike. Miezi ya yule Mtaliano nitaitia alama kwa kalamu nyekundu ili usidanganyike nayo.

Na kuna jambo linanikosesha raha tangu nione ile picha ya uzio. Samaki akishapita mlangoni, ukamhesabu, kisha maji yakamrudisha chini na kesho akapanda tena, mnajuaje kwamba ni yuleyule? Nimemuuliza mjomba wako, hajui. Nijibu hilo kwanza, hata kabla hujaamua la mkataba.

Mamako