Tochi na betri: maswali yenu ya mwezi huu

Maswali yamekuwa mengi, na kila nikisoma naona karibu yote yanarudi palepale kwenye betri. Watu wengi wanachagua tochi kwanza alafu betri ndio baadae, mimi nawaomba mgeuze, jua kwanza ni betri gani utaweza kuipata, kuichaji na kuitunza, ndio utafute tochi inayoitumia. Haya twende.

SWALI: Nina betri mbili za 18650 zimeandikwa mAh 9900. Mwenzangu wa zamu ana ya mAh 3000 tu, tochi zetu ni aina moja, lakini yake inafika asubuhi na yangu inazima usiku wa manane. Tochi yangu ndio inakula sana moto au vipi? – Mlinzi wa usiku

JIBU: Kaka, tochi yako haina kosa lolote, uongo uko kwenye hiyo karatasi ya betri. mAh ni kipimo cha uwezo, yaani umeme ambao betri inaweza kubeba. 18650 ni saizi tu, upana milimita 18, urefu milimita 65, na ile sifuri ya mwisho inamaanisha ni ya duara. Sasa ndani ya kopo la ukubwa huo watengenezaji wakubwa kabisa leo wanafikia kama mAh 3500 hivi, hapo ndio juu. Betri za aina hii, lithiamu-ioni, zilianza kuuzwa na Sony mwaka 1991 na tangu hapo uwezo umepanda kidogokidogo kwa kazi kubwa ya wataalamu, hakuna aliyeruka mara tatu akawaficha wenzake wote. Kwa hiyo ukiona 9900, au 6800, au hata 5000 kwenye 18650, iache hapohapo. Mwenzako aliyenunua ya 3000 kanunua kwa mtu aliyesema ukweli.

Kipimo rahisi ni mzani wa jikoni. 18650 nzima ina uzito wa gramu 45 mpaka 50 hivi, ukipima ukakuta 30 na kitu ujue humo ndani hamna mzigo. Kama una chaja inayopima uwezo ndio vizuri zaidi, ijaze, uitoe chaji yote, isome namba yenyewe.

Na hapa ndio nawaomba sana mnisikilize, manake betri ya aina hii ikikosewa inawaka moto. Ikijaa ni volti 4.2, ikishuka kwenye 3 au karibu na hapo ipumzishe. Ikishakaa muda mrefu chini ya 2.5 usihangaike kuifufua, hata kama kuna fundi atakuambia anaweza. Angalia pia ile nailoni ya nje, kwasababu bati lote la betri ni hasi, linapanda mpaka juu kabisa pembeni ya kichwa chanya, sasa nailoni ikichanika pale juu kinachotenganisha chanya na hasi ni kipande kidogo sana. Nailoni mpya inapatikana na kuivalisha ni kazi ya dakika, ila betri iliyobonyea, iliyovuja au inayopata joto bila kazi, ziba ncha zake na selotepu uipeleke wanapopokea taka za elektroniki. Na usitembee nayo mfukoni pamoja na funguo, tafuta kikasha chake cha plastiki.

SWALI: Tochi ya dharura nyumbani nimeikuta betri zimevuja unga mweupe na haiwaki tena. Imekufa? – Mama wa watatu

JIBU: Pole dada, mara nyingi inapona. Hizo ni alkalaini, zile betri za kawaida za kutupa, na kinachovuja ni potasiamu haidroksaidi ambayo inakula bati na pia inaunguza ngozi, kwa hiyo vaa glavu na usijishike macho. Kwakuwa ni alkali, inakatwa na asidi nyepesi, chovya pamba kwenye siki kidogo tu, futa springi na bati zote, alafu futa tena kwa kitambaa chenye maji kidogo, acha ikauke kabisa. Springi ikiwa imeliwa mpaka imekatika ndio habari nyingine.

Ila usirudishe alkalaini humo. Tochi inayokaa miezi bila kuguswa ndio inayovujiwa, na unakuja kujua siku umeme umekatika. Weka AA za lithiamu zile za kutupa, ni nyepesi, hazivuji kirahisi na zinaweza kukaa miaka kumi na zaidi zikiwa na moto wake. Au kama unataka za kuchaji chukua NiMH (za nikeli) zile zinazotunza chaji, kama Eneloop ambazo zilitoka 2005, zenyewe ni volti 1.2 lakini tochi nyingi zinaenda nazo bila shida. Usichanganye mpya na ya zamani kwenye tochi moja, ile dhaifu inasukumwa na wenzake mpaka inaharibika.

Nyongeza moja ya muhimu, kuna betri inaitwa 14500, kwa macho ni AA kabisa, saizi ileile, lakini ni lithiamu-ioni ya volti 3.7. Ukiitia kwenye tochi ambayo haikutengenezwa kwa ajili yake unaweza kuiunguza papo hapo. Kama una watoto wanaopenda kubadilisha betri wenyewe ziweke mbali na AA za kawaida.

SWALI: Lumeni 1000 na lumeni 500, hiyo ya 1000 si inamulika mbali mara mbili? – Mfugaji

JIBU: Hapana ndugu yangu. Lumeni ni mwanga wote unaotoka, haikuambii unaelekea wapi. Umbali uangalie kwenye kandela, yaani mwanga umekusanywa kiasi gani katikati. Chukua kandela, tafuta kipeuo chake cha pili, zidisha mara mbili, unapata mita. Mfano kandela 10,000, kipeuo ni 100, mara mbili ni mita 200. Lakini hizo mita 200 kwa kipimo cha viwandani ni pale mwanga unapobaki laksi 0.25, ambao ni kama wa mbalamwezi, kumtambua mnyama kwa uhakika mimi nahesabu nusu ya hapo.

Alafu jicho letu halihesabu kama mashine, ili mwanga uonekane mara mbili unahitaji karibu mara nne ya lumeni. Na tochi ndogo ikiandikwa 1000 mara nyingi inazitoa dakika chache tu, inapata joto, inajishusha yenyewe. Ule muda ulioandikwa kwenye boksi, sijui saa 5, unahesabiwa mpaka mwanga ushuke kufikia asilimia 10 ya ule wa mwanzo. Tafuta mchoro unaoonyesha mwanga unavyoshuka saa hadi saa, ndio ununue kwa huo.

SWALI: Nikiwa juu ya dari na tochi yangu, waya wa kahawia na mwekundu naona kama mmoja. Macho au tochi? – Fundi umeme

JIBU: Ni tochi fundi, na kwa kazi yako hili ni suala la usalama. LED nyeupe kwa kawaida ni chipu ya bluu iliyowekewa unga wa njano juu yake (ile LED ya bluu ndio iliwapa Akasaki, Amano na Nakamura tuzo ya Nobel ya fizikia 2014). Bluu na njano zikichanganyika jicho linaona nyeupe, ila nyekundu ndani yake ni haba, na kitu chekundu kisipopata mwanga mwekundu kinaonekana kahawia au cheusi.

Tafuta tochi yenye CRI (kipimo cha mwanga unavyoonyesha rangi kwa usahihi) ya 90 kwenda juu, nyingi za kawaida ziko kwenye 70. Na usiishie hapo, uliza R9, kwasababu CRI inapimwa kwa rangi 8 zilizopooza na ule wekundu mkali haumo, R9 ndio inaupima peke yake. Kwenye joto la rangi (namba ndogo mwanga ni wa njano, kubwa ni wa bluu) nenda Kelvini 4000 mpaka 5000, achana na 6500. Utapoteza lumeni kiasi, mimi napoteza kwa furaha kabisa, kuona rangi sahihi kwa mwanga mdogo kuna faida kuliko kuona kila kitu cheupe. Na kabla ya kugusa pima na testa, tochi haikuambii waya una moto.

SWALI: Nasafiri na ndege, betri za akiba niweke wapi?

JIBU: Kwenye begi la mkononi, kamwe sio la kupakiwa chini, maana moto ukizuka kule chini hakuna wa kuufikia haraka. Kikomo cha kawaida bila kuomba ruhusa ya shirika ni Wh 100 (wati-saa, yaani nishati yote iliyomo) kwa betri, 18650 nzuri haifiki hata 13, pawabenki ndio uisome vizuri. Kila betri kwenye kikasha chake. Na tochi yenyewe ilegeze kifuniko cha nyuma robo mzunguko isije ikajiwasha begini ikaunguza nguo, hiyo ifanye hata usiposafiri, swichi za elektroniki zinanyonya betri kidogokidogo muda wote hata tochi ikiwa imezimwa.