Mpwa wangu na chatu wake: damu safi au chotara?

SWALI: Assalamu alaykum. Mpwa wangu yuko Uingereza na huko anafuga nyoka, sisi huku Wete tushamsema mpaka tumechoka. Kanunua chatu wawili wa Burma kwa watu mbali mbali, wote kaambiwa damu safi. Mmoja mweupe ana mabaka ya manjano na macho mekundu, wa pili rangi yake ya kawaida ila madoa ya ubavuni yana weupe katikati. Mimi nilipoona picha nikamwambia huyo mweupe ndo chotara, yeye kang'ang'ania sio. Nani mkweli?
Mjomba mtu, Wete

JIBU: Waalaykum salaam mjomba. Kijana ana haki ya kubisha, na mimi ningeanza kumtilia shaka huyo wa pili. Mweupe ni zeruzeru tu, chatu wa Burma wa namna hiyo wamejaa tele kwa wafugaji wa huko, baba na mama wanaweza kuwa na rangi zao za kawaida kabisa lakini wote wawili wamebeba hiyo kitu ndani, mtoto akiirithi pande zote mbili anatoka hivo. Kwaiyo rangi ya ajabu sio dalili ya kuchanganywa, wala haimaanishi kuwa ni safi mana chotara nae anaweza kuzaliwa zeruzeru. Wauzaji wanalijua hili vizuri, wanunuzi ndo hawalijui.

Sasa huyo wa madoa. Chatu wa Burma na chatu wa India ni ndugu wa karibu mno, mpaka 2009 ndo wataalamu wakawatenga rasmi wakawa aina mbili. Wa India ndie mwenye weupe katikati ya madoa ya ubavuni, na ile alama ya mshale kichwani kwake hufifia ikielekea puani, wa Burma mshale wake umekoza mpaka mbele. Lakini asiishie hapo, aangalie jicho. Chini ya jicho la wa Burma kuna vigamba vidogo vinavyolitenga jicho na magamba ya mdomo wa juu. Wa India hana hivyo, gamba la mdomo la sita au la saba ukihesabu kutoka puani linapanda mpaka linaligusa jicho.

Kumkamata chatu mzima ukaanza kumhesabia magamba usoni ni kujitafutia balaa, bora asubiri ajivue gamba. Achukue kipande cha kichwa, akiroweke kwenye maji ya vuguvugu kilainike, akitandaze juu ya kioo na taa iwe chini yake. Nyoka hana kope, jicho lake limefunikwa na kigamba chake ambacho nacho huvuliwa, kinatoka kiduara kinapitisha mwanga kama kioo cha saa, basi aanzie hapo ahesabu taratibu vinavyokizunguka. Na hiyo ngozi asiitupe, maabara wanaweza kutoa vinasaba humo humo.

Mana macho yana mwisho mjomba. Chotara wa mwanzo huwa katikati katikati, unamshtukia, ila ukimpandisha tena kwa wa Burma na wanawe hivo hivo, wajukuu wanafanana na wa Burma huwezi kuwatofautisha. Kule Florida, Marekani, ambako chatu wa Burma wameenea porini, 2018 ilitoka taarifa ya vipimo vya vinasaba vya nyoka karibu 400 na 13 wakakutwa na alama za chatu wa India, na wote walikua wanahesabiwa ni wa Burma. Akipima ahakikishe kipimo hakisomi upande wa mama peke yake, kama baba ndie alikua wa India hakitaona kitu.

Mimi ningemrudia muuzaji kwanza, anioneshe wazazi na karatasi za walikotoka, asiekua nazo sinunui kwake hata kama nyoka mzuri vipi. Na sio ubishi wa sifa tu, chatu wa India yuko kundi la kwanza, lile linalobana zaidi, la CITES, mkataba wa dunia wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, wa Burma la pili, na chotara mwenye damu ya kundi la kwanza ndani ya vizazi vinne vya karibuni anahesabiwa nae humo humo. Kumvusha mpaka bila vibali ni kesi.

SWALI: Mtu akileta chatu wa nje hapa Unguja akamtoroka, anaweza kuzaana na chatu wetu?
Msomaji, Makunduchi

JIBU: Anaweza. Afrika Kusini 1984 iliandikwa habari ya chotara wa chatu wa kusini mwa Afrika na wa Burma, wafugwao hao. Ila mimi hata kuzaana sikuogopi kama tumbo lake, sisi tuko kisiwani na paa nunga wenyewe wamebaki wachache, halafu umuongeze mlaji mwengine tena mkubwa vile! Ukimuona chatu ambae rangi zake huzielewi usimuue, mpige picha ya kichwa na ya ubavu ukiwa mbali umpelekee sheha wako au watu wa Misitu.