Maswali ya Wasomaji: Shemeji anaomba gari, bima inasemaje?

SWALI: Ninakaa Chumbageni, Tanga, na nina Toyota Spacio niliyoikatia bima kubwa kwa matumizi binafsi. Jumamosi ijayo shemeji yangu anataka kwenda nayo harusini Mombasa kupitia mpaka wa Horohoro, na kijana wa kaka yangu, aliyepata leseni mwaka huu, huiomba kila msimu wa machungwa ili aende Muheza. Mume wangu anasema bima ni ya gari na wala si ya dereva, kwa hiyo nisijitie hofu. Wakala aliyenikatia bima naye aliwahi kuniambia kwamba nikiazimisha gari najitakia mwenyewe. Nimsikilize nani?
Mwalimu, Chumbageni

JIBU: Mwalimu, mume wako yuko karibu zaidi na ukweli, ila amesimulia nusu yake. Mikataba mingi ya bima ya magari binafsi humkinga mwenye bima pamoja na mtu yeyote anayeendesha kwa idhini yake, mradi mtu huyo awe na leseni halali ya daraja linaloruhusu gari la aina hiyo. Ipo pia mikataba inayotaja madereva kwa majina, na huko asiyetajwa hana kinga. Kwa hiyo, kabla ya kumwamini mume au wakala, utoe mkataba kabatini, si stika ya bima, usome sehemu inayoeleza nani anaruhusiwa kuendesha na gari litumike kwa kazi gani.

Shemeji akija kuchukua funguo, mwombe leseni uitazame tarehe ya mwisho. Najua ni jambo la aibu kumdai shemeji karatasi sebuleni kwako, lakini Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, inamkataza mwenye gari kumruhusu mtu asiye na leseni aendeshe, na kosa hilo litaandikwa kwa jina lako hata kama hukuwemo garini.

Suala la kijana wa kaka yako ndilo linalonitia wasiwasi zaidi, na kisa si ugeni wake barabarani peke yake. Ni kweli kwamba kampuni nyingi humtoza mwenye bima kiasi kikubwa zaidi cha kujilipia mwenyewe, kile ambacho mawakala hukiita ekisesi, pale ajali inaposababishwa na dereva kijana au mwenye leseni changa. Jambo zito kuliko hilo ni machungwa yenyewe. Akirudi na gunia moja la nyumbani, hayo ni matumizi binafsi. Akilaza viti vya nyuma akajaza mzigo wa kuuza Ngamiani, au akapakia abiria wa nauli pale stendi ya Muheza ili arudishe pesa ya mafuta, gari limekwisha kuingia biashara ambayo hukuilipia, na kampuni ina haki ya kukataa kutengeneza gari lako. Niliwahi kuliona gari dogo kama lako likitoka huko huku nyuma limebonyea karibu na lami na machungwa yamefika dirishani. Dereva alipoulizwa na askari alijibu kwamba anampelekea bibi yake. Mkaguzi wa bima hataridhika na jibu la namna hiyo.

Safari ya Mombasa inahitaji maandalizi yake, kwa kuwa bima ya hapa haivuki mpaka yenyewe. Muulize wakala wako Kadi ya Njano ya COMESA (jumuiya ya soko la pamoja la nchi za Mashariki na Kusini mwa Afrika), ambayo hutolewa hapa nchini ingawa Tanzania si mwanachama wa jumuiya hiyo, na ambayo humkinga mtu wa tatu atakayeumizwa na gari lako likiwa Kenya. (Usiichanganye na ile kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano, wapo waliofika Horohoro na moja wakidhani wamebeba zote.) Kadi ya COMESA haitengenezi gari lako, kwa hiyo ukitaka bima yako kubwa nayo ifanye kazi ng'ambo ya mpaka, omba kampuni ikuongezee eneo hilo kwa maandishi. Mpe shemeji kadi halisi ya gari na barua yako ya idhini yenye namba ya gari, jina lake na tarehe za safari. Yafanye haya siku za kazi, usingoje asubuhi ya Jumamosi.

Na likitokea la kutokea, madai yataandikwa kwenye bima yako, wala si ya shemeji. Punguzo unalopewa kwa kukaa mwaka mzima bila kudai laweza kupotea. Mkubaliane mapema nani atalipa ekisesi.

SWALI: Jirani aliazima gari langu lenye bima ya mtu wa tatu, akamgonga mwendesha bodaboda na kuvunja taa na bampa yangu. Anataka tumalizane nyumbani. Nifanyeje?
Msomaji, Makorora

JIBU: Mkatalie kwa upole. Majeruhi anahitaji PF3, fomu ya matibabu kutoka polisi, nawe unahitaji ripoti ya polisi ili kampuni ipokee madai. Ijulishe kampuni mara moja, na jirani asikiri kosa wala kuahidi fidia kabla ya hapo, kwa kuwa mikataba mingi inakataza. Taa na bampa zako haziingii kwenye bima hiyo hata kidogo, kwa kuwa hulipia madhara ya wengine tu. Hizo ni deni la jirani, mwandikishane mbele ya mashahidi. Bodaboda akienda mahakamani, huenda nawe ukaunganishwa kwenye kesi kama mwenye gari. Kampuni ikikukatalia bila sababu ya kueleweka, dai jibu la maandishi, kisha uwasilishe malalamiko yako TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini, au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.