Nimepewa dakika nne kumzungumzia marehemu

SWALI: Rafiki yangu wa tangu kidato cha kwanza amefariki kwa saratani ya mlango wa kizazi. Alikuwa Mlutheri, mwanakwaya, mtu wa maombi kwelikweli. Familia imeniomba nitoe salamu kwa niaba ya marafiki siku ya mazishi, dakika nne. Mimi ni Mwislamu. Nianzie wapi, na imani yake niizungumzie vipi nisikosee?
Msomaji, Tanga

JIBU: Pole sana. Kabla ya kushika kalamu, mtafute katibu wa kamati ya mazishi. Muulize kama salamu zitatolewa nyumbani au kanisani, na kama zitakuja kabla ya wasifu au baada yake. Zikija baada, mwaka wa kuzaliwa, shule, ajira na idadi ya watoto vitakuwa vimeshasomwa. Ukivirudia, dakika mbili zimekwenda na mshereheshaji ameanza kukutazama. Kanisani mchungaji ndiye mwenye ratiba, kwa hiyo hakikisha jina lako limemfikia.

La pili uliza familia, tena faraghani: ugonjwa utajwe au usitajwe? Saratani hii hutokana na kirusi kinachoambukizwa kwa kujamiiana, na kuna watu hawakosi la kunong'ona hata jeneza likiwa mbele yao. Wakipenda isitajwe, "baada ya kuugua kwa muda mrefu" inatosha.

Salamu ya "Bwana Yesu asifiwe" si lazima uiazime. "Poleni sana wafiwa, poleni waombolezaji" ni salamu kamili na hakuna atakayekushangaa. Watu wakisimama kwa wimbo au sala, simama nao; hulazimiki kutamka chochote.

Sasa imani yake. Usiseme "alikuwa mcha Mungu" ukaishia hapo. Maneno hayo husemwa kwa kila marehemu, hata yule ambaye kanisani alionekana kwenye harusi tu. Sema kitu kimoja ulichokiona kwa macho yako. Labda alifika mazoezi ya kwaya na mto wake wa kukalia, kwa sababu benchi lilimuumiza, akaimba sauti ya pili mpaka wimbo wa mwisho. Labda kwenye daftari lake la maombi jina lako lilikuwamo, wewe usiye wa kanisa lake. Kitu kama hicho hakidai uwe Mlutheri ili ukisimulie, na ndicho watoto wake watakachokwenda nacho nyumbani. Kama unataka aya ya Biblia, waombe nduguze wakuonyeshe Biblia yake. Utaona palipopigwa mstari kwa kalamu. Aya yake mwenyewe ina uzito kuliko ile inayosomwa katika kila msiba.

Ukitaka wimbo wake uimbwe, taja maneno yake ya kwanza, usitaje namba peke yake. Namba za Mwimbieni Bwana na za Tenzi za Rohoni hazilingani, na nusu ya kanisa inaweza kufungua ukurasa mwingine.

Epuka mambo matatu: alivyokonda na alivyoteseka siku za mwisho (wanawe wapo), lawama kwa hospitali yoyote, na ahadi. "Watoto wake sasa ni wangu" hutoka kirahisi mtu akiwa na machozi, lakini watoto huikumbuka ada ya Januari inapofika.

Kwa sauti ya utulivu, dakika moja hubeba maneno kama 100. Andika 350, nusu dakika iliyobaki ni ya kumeza mate. Andika kwa herufi kubwa, upande mmoja wa karatasi, na kila ukurasa uwe na namba, maana upepo chini ya turubai hauna adabu. Soma kwa sauti mara mbili nyumbani huku simu ikihesabu muda. Patakuwa na sentensi inayokuliza kila ukiifikia. Usiikate, ipeleke mwisho, ili ukishindwa uwe umeshasema mengine yote. Nakala moja mpe mtu atakayekaa karibu nawe, akijua kwamba ukinyamaza kwa muda, yeye anainuka na kumalizia.

SWALI: Wapo wanaosema angepona kama imani yake ingekuwa kamili, na kwamba kwenda kwenye mionzi kulionyesha shaka. Niwajibu kwenye salamu zangu?
Msomaji huyohuyo

JIBU: Hapana. Ukiwajibu kwenye kipaza sauti, utakuwa umeufikisha mnong'ono kwa waliokuwa hawajausikia. Mtu akikuambia ana kwa ana mkekani, mkumbushe kwa upole 2 Timotheo 4:20: Paulo mwenyewe alimwacha Trofimo huko Mileto akiwa mgonjwa, na hakusema imani ya Trofimo ilipungua.

SWALI: Sisi ni marafiki 14. Michango ya rambirambi ya kundi letu imebaki, na mwenzetu, Mkatoliki aliyekufa kwa saratani hiyohiyo, anatimiza mwaka. Tunataka zaidi ya chakula.
Kundi la marafiki, Mwanza

JIBU: Misa kwanza, maana ndiyo rahisi: andikisheni nia parokiani wiki kadhaa mapema, kwa jina lake la ubatizo na la ukoo, na waarifuni jumuiya yake.

Zilizobaki zinaweza kugharimia siku ya uchunguzi wa mlango wa kizazi, familia ikiridhia jina lake litumike. Msianze na kukodi viti. Nendeni kwa Mganga Mkuu wa Halmashauri, aseme ni kituo gani kina wahudumu waliofunzwa na wanaweza kuwapima wanawake wangapi kwa siku. Walengwa wakuu ni wenye miaka 30 hadi 50. Wanaoishi na VVU huanza mapema na hurudia mara nyingi zaidi. Kipimo chenyewe ni siki iliyozimuliwa, asilimia 3 hadi 5: inapakwa, mhudumu anasubiri dakika moja, kisha anatazama kama pametokea weupe. Chumba kiwe na pazia, kitanda na taa yenye nguvu. Tangazeni mapema kwamba aliye kwenye hedhi asubiri imalizike, la sivyo atapanga foleni bure. Wenye mabinti wa miaka 9 hadi 14 waambieni waulize chanjo ya kuzuia saratani hiyo papo hapo; haina malipo, na tangu 2024 ni dozi moja.

Siku kama hizi huharibikia baada ya kipimo. Wenye mabadiliko ya awali wanaweza kutibiwa siku hiyohiyo kwa kugandishwa au kwa joto, kama kituo kina kifaa, basi ulizeni kabla. Anayeshukiwa kuwa na saratani yenyewe hupewa rufaa, na hapo nauli humshinda, karatasi ikabaki kwenye mkoba. Fulana zenye picha ya marehemu ziacheni. Fedha hiyo iwe nauli ya wenye rufaa, na kila mmoja wao apewe mtu kati yenu 14 wa kumpigia simu hadi arudi na majibu.