Ukipewa kazi ya kuwashauri wenzako chuoni, anza na simu zao

Mi nasoma sanaa hapa Tabora, na tangu mwaka jana ni mmoja wa wanafunzi waliochaguliwa kuwasaidia wenzetu mambo ya fildi (mafunzo ya vitendo kazini), sivii, potifolio (mkusanyo wa kazi zako za kuonyesha) na kutafuta kazi. Jumanne na Alhamisi jioni natoa meza nje naiweka chini ya mwembe, mtu anakuja tunaongea. Naandika haya kwa sababu kuna wengine wataichukua hii kazi baada yangu na sitaki waanze nilivoanza mimi.

Mwezi wa kwanza nilikuwa naongea mimi tu. Mtu hajakaa vizuri nishampa karatasi ya mfano wa sivii, jaza hapa, andika hivi, haya nenda. Wanaondoka wananishukuru afu hawarudi.

Kilichonibadilisha ni dogo mmoja wa Kigoma. Alikuja na bahasha ya kaki, ndani michoro sita ya penseli, sura za watu, mizuri ila ya kawaida, kila mtu darasani anayo. Akawa ananionyesha picha kwenye simu, ile simu imepasuka kioo, anapitisha harakaharaka mara shangazi, mara harusi, mara mtumbwi. Nikamwambia hebu rudisha hapo. Kumbe tangu yuko sekondari alikuwa anaandika majina ya mitumbwi na maboti pale Kibirizi, kwa brashi na rangi ya mafuta. Nikamuuliza mbona hii hujaiweka, akasema, "Hiyo si sanaa kaka, ni kibarua tu."

Nikaikuza ile picha. Kulikuwa na herufi S kwenye ubao uliopinda, ukiifuatilia kwa karibu unaona tumbo lake la chini amelivuta kuliko kawaida, lakini ukiangalia jina zima limekaa limenyooka kabisa. Nikamuuliza umejuaje kuivuta hivo? Akanijibu kwamba jina la mtumbwi linasomwa na watu walioko majini, kwa hiyo alikuwa akimaliza herufi mbili tatu anaingia ziwani maji ya kiunoni anaangalia, anarudi anarekebisha. Hakuna mwalimu aliyemfundisha hilo! Tukachagua picha kumi, chini ya kila moja tukaandika alifanya nini, kwa nani, kwa vifaa gani, siku ngapi. Fildi alipata kwa fundi wa mabango hapa mjini, na yule fundi hata ile michoro ya penseli hakuitazama.

Kwa hiyo sasa hivi karatasi za sivii nazitoa mwisho. Kwanza naomba simu. Nauliza nyumbani unafanya nini likizo, nani anakuita umfanyie kitu, na utashangaa watu wamechora kuta za saluni, wameshona, wamepamba kumbi, na vyote wamevificha kwa sababu vilikuwa vya kujipatia hela ya sabuni.

Jambo la pili ni bei, na hapa naomba msione aibu kuwabana wenzenu. Dada mmoja alichora lebo ya asali akapewa elfu kumi, baadae akaikuta kwenye chupa, kwenye ndoo, mpaka kwenye kalenda, na hakuwa na hata meseji moja inayosema walikubaliana nini. Asali ndo biashara ya watu wengi huku Tabora, hizo oda zitakuja tu. Andikianeni, hata Whatsapp inatosha kuanzia: kazi itatumika wapi, marekebisho mara ngapi, advansi kiasi gani. Kwa sheria ya hakimiliki ya 1999 haki yako inaanza pale unapoitengeneza kazi, ila ukiisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, unakuwa na ushahidi wa kushika mkononi, na huyo dada ndo kitu alichokosa.

Halafu kuna mtu atakaa kwenye hicho kiti kumbe shida yake siyo fildi, baba amesema hatoi tena ada ya "kuchorachora". Usijifanye unaweza kila kitu, msikilize amalize, afu muombe muende wote kwa mlezi wa wanafunzi. Na alichokwambia kibaki hapo, chuo chetu ni kidogo, neno linafika kantini kabla yako.

Alhamisi hii nina watu wanne. Mmoja ni msichana anayesuka ukili na bibi yake, anasema hajawahi kupiga picha hata mkeka mmoja. Nimemwambia aje nao mapema, jua likiwa bado lipo.